Barua ya wazi kwa wanaonunua na kukagua bunduki: hesabuni zilizokwama

Kwa wakuu wa manunuzi ya silaha, makamanda wa vikosi, wakaguzi, na yeyote ambaye saini yake ndiyo inayoingiza bunduki ghalani au kuitoa.

Maafande, salamu na heshima.

Nimehudhuria maonyesho ya bunduki mpya mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwasimulia siku yenyewe kabla haijafika. Turubai limefungwa, viti vya wageni vimepangwa, na muuzaji amekuja na bunduki mbili alizozichagua mwenyewe, magazini, yaani vibebeo vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, alizozichagua mwenyewe, na risasi alizozibeba mwenyewe. Mpigaji wake anaijua kazi. Bunduki inatumbukizwa kwenye ndoo, inatolewa ikichuruzika maji, inalia. Inafukiwa mchangani, inakung'utwa, inalia. Makofi. Risasi 200 zimetoka bila kukwama hata moja, na kabla mtutu haujapoa mjumbe wa kamati ameshaandika "imara" kwenye karatasi yake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Kwenye biashara ya bunduki hata chema hujitembeza, kwa hiyo methali hiyo haitusaidii kuchagua.

Nimestaafu kazi ya ufundi wa silaha. Kwa miaka yote niliyokaa mezani, bunduki zilinijia baada ya ninyi kuzinunua, na malalamiko yalinijia mimi kabla hayajawafikia ninyi, kama yaliwafikia kabisa. Ndiyo maana naandika hadharani. Nataka kusema habari ya kupima, halafu ya kutunza, kwa sababu kwenu hayo mawili yana mafaili mawili na ofisi mbili, na kwa askari aliyelala chini anasubiri bunduki yake ilie ni jambo moja.

Tuanze na hesabu. Ukipiga risasi 200 na hakuna iliyokwama, hujathibitisha kwamba bunduki haikwami. Wanatakwimu wana kanuni yao ya haraka: chukua 3, gawanya kwa idadi ya risasi ulizopiga bila mkwamo, utapata kiwango cha mkwamo ambacho bado huwezi kukikanusha ukitaka uhakika wa asilimia 95. Tatu gawanya kwa 200 ni asilimia 1.5. Maana yake ile bunduki iliyopigiwa makofi inaweza kabisa kuwa bunduki inayokwama mara moja kila risasi 67 hivi, yaani kila magazini mbili na ushee za risasi 30, ila siku ile ilikuwa na bahati. Mkitaka kutamka kwa uhakika huohuo kwamba haikwami zaidi ya mara moja katika risasi 1,000, lazima zipigwe risasi 3,000 bila mkwamo hata mmoja. Ukitokea mmoja, hesabu inadai risasi nyingi zaidi.

Jeshi la Marekani lilipotafuta karabini mpya, yaani bunduki fupi ya askari, liliweka kigezo cha wastani wa risasi 3,592 kati ya mkwamo na mkwamo. Mwaka 2013 shindano lile lilifungwa bila mshindi, kwa sababu hakuna karabini iliyokifikia kigezo. Sisemi kila mnunuzi aweke namba hiyo. Nasema wao walikuwa na namba iliyoandikwa kabla risasi ya kwanza haijapigwa, kwa hiyo wangeweza kusema hapana. Kamati inayoingia uwanjani bila namba haiwezi kusema hapana kwa mtu. Inabaki kuangalia ndoo ya maji.

Na mkwamo ni nini hasa? Hapa ndipo ripoti nyingi zinapodanganya bila mwandishi kujua kwamba anadanganya. Wapimaji makini huigawa mikwamo katika madaraja matatu. La kwanza ni ule ambao mpigaji anauondoa mwenyewe ndani ya sekunde 10. La pili anauondoa mwenyewe, lakini unamchukua zaidi ya hapo. La tatu hawezi: bunduki inarudi kwa fundi, kuna kipuri kimekatika au kinahitaji zana. Ripoti nilizokuwa nikiletewa zilihesabu daraja la tatu peke yake. Mikwamo mingine yote ilipita kama kikohozi.

Nitawapa kisa kimoja, katika kikosi nitakachokiacha bila jina. Asubuhi ya shabaha nilisimama nyuma ya mstari wa wapigaji, sikuwa na kazi nyingine. Kulikuwa na koplo mmoja, mpigaji hodari, ambaye kila baada ya muda kiganja chake cha kushoto kilikuwa kinaigonga magazini kwa chini, mkono wa kulia unavuta boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, na kuiachia, kisha anaendelea. Harakaharaka hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Mwisho wa zoezi ofisa wa uwanja aliandika kwamba bunduki zote zimefanya kazi vizuri. Nikamfuata yule koplo nikamuuliza imekwama mara ngapi. Akasema, "Mara tano, fundi. Au sita. Ndiyo tabia yake hii." Nikamuuliza mbona hajasema. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Hakuna aliyeniuliza."

Nikaichukua ile bunduki mezani nikaifungua yote. Haikuwa na kasoro. Nikaomba magazini zake, nikaipata moja ambayo midomo yake ya juu ilikuwa imepanuka, pengine kwa kuangushwa kwenye sakafu ya zege ikiwa imejaa. Risasi ilikuwa inainua pua juu kuliko inavyotakiwa, boliti inaikuta imepinda. Na kwa kuwa magazini zilikuwa zinakusanywa kwenye sanduku moja na kugawiwa upya kila zoezi, ile magazini ilikuwa inatembea kutoka kwa askari mmoja hadi mwingine kama ugonjwa wa macho. Kila wiki bunduki tofauti ilikuwa inalaumiwa. Nilizipiga magazini zote namba kwa rangi wikendi hiyohiyo. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo katika kazi yetu, na bado naingia kwenye maghala leo nakuta magazini hazina namba.

Sasa tuangalie waliopima kwa kina. Mwishoni mwa mwaka 2007, katika uwanja wa majaribio wa Aberdeen huko Marekani, zilipimwa aina nne za karabini kwenye vumbi kali: M4 iliyokuwa mikononi mwa askari, HK416, XM8 na SCAR. Bunduki kumi za kila aina, kila moja risasi 6,000, jumla 60,000 kwa aina. XM8 ilikwama mara 127, SCAR 226, HK416 233, na M4 mara 882. Watu wengi wanaikumbuka hiyo 882 na kuishia hapo. Mimi inanisumbua namba nyingine: katika jaribio la vumbi la kiangazi cha mwaka huohuo, M4 ilikuwa imekwama mara 307 kwa idadi ileile ya risasi. Bunduki aina moja, jaribio la aina moja, miezi michache kati yake, na mikwamo imekaribia kuwa mara tatu. Kama watu wenye maabara, mitambo ya kupuliza vumbi na bunduki kumi kwa kila aina wanaweza kupata tofauti kama hiyo, mnaonaje kuhusu bunduki mbili za muuzaji na ndoo moja? Na jambo jingine la kuangalia: sehemu kubwa ya ile mikwamo 882, zaidi ya 200, ilitokana na magazini. Yule koplo wangu asingeshangaa.

Kuna kosa kubwa zaidi ya kupima kidogo, nalo ni kupima mahali pasafi silaha itakayokwenda mahali pachafu. Wakanada waliingia Vita Kuu ya Kwanza na bunduki aina ya Ross. Ilikuwa bunduki nzuri ya shabaha, hilo halina ubishi, na baadaye wadunguzi waliendelea kuipenda. Ilikuwa pia na mlezi mkubwa serikalini, waziri Sam Hughes, aliyeitetea kana kwamba ni mwanawe. Kwenye tope la mahandaki, na kwa risasi zilizotengenezwa bila usahihi ambao chemba yake, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, iliutaka, boliti ilikuwa inagoma kufunguka, askari anaipiga teke kwa kisigino cha buti huku adui anakuja. Baada ya mapigano ya pili ya Ypres, Aprili 1915, katika askari 5,000 walionusurika, 1,452 walikuwa wameitupa Ross na kuokota Lee-Enfield za Waingereza. Hebu fikirini: askari anatupa silaha ya serikali yake kwenye tope na kuokota ya maiti. Hakuna fomu ya tathmini inayoweza kusema zaidi ya hapo. Hadi mwaka 1916 unakaribia kwisha, Ross ilikuwa imeondolewa kwa askari wa miguu na Hughes ameondoka uwaziri.

Maafande, bunduki ikishakuwa na mlezi mkubwa, wapimaji wadogo hunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na andikeni mkataba kwa makini. Mwaka 2015 wizara ya ulinzi ya Ujerumani ilisema wazi kwamba bunduki zake za G36 hupoteza usahihi zikipata joto la kufyatua mfululizo na la hewa, ikamdai mtengenezaji. Mwaka 2016 mahakama ya Koblenz ikampa mtengenezaji ushindi: alikuwa ameleta kile alichoagizwa. Siingilii ugomvi wa nani alikuwa na haki kuhusu bunduki yenyewe. Kwetu sisi jambo la kushika ni kwamba joto, vumbi, aina ya risasi na kasi ya kufyatua ambavyo havikuandikwa kwenye mkataba havipo mahakamani, hata kama vipo uwanjani kila siku.

Baada ya kununua sasa. Hapa nitachukua muda, mnisamehe.

Mnaijua habari ya M16, bunduki ya Wamarekani, kule Vietnam, au angalau mmesikia nusu yake. Bunduki ilipelekwa kwa askari katikati ya miaka ya 1960 ikiwa imezungukwa na uvumi kwamba haihitaji kusafishwa. Vifaa vya kusafishia havikutosha, mafunzo hayakutosha. Wakati huohuo baruti ya risasi zake ilibadilishwa ikawa aina nyingine iliyoacha uchafu mwingi zaidi na kuifanya mitambo ya bunduki iende mbio kuliko ilivyoundwa. Chemba haikupakwa kromiamu, na katika unyevu ule ikashika kutu na vishimo. Ganda la risasi likifyatuliwa linavimba na kung'ang'ania vishimo, kivutio cha ganda kinashindwa kulichomoa, na askari inabidi asukume kwa fimbo kutoka mdomoni mwa mtutu, kama anayo fimbo. Wengine walikutwa wamekufa na bunduki zao zimefunguliwa pembeni yao. Kamati ya bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza, na ripoti yake ya Oktoba 1967 ikawaambia wakubwa wa jeshi kwamba kushindwa kwao kuchukua hatua kurekebisha kasoro za risasi zile kulikaribia uzembe wa jinai.

Dawa ilikuwa ya kawaida mno kiasi cha kutia uchungu: chemba ikapakwa kromiamu, boliti ikapunguzwa kasi, vifaa vya kusafishia vikagawiwa na kitako kikatobolewa nafasi ya kuviweka, na askari wakapewa kijitabu cha katuni cha kuwafundisha. Bunduki ileile iliyolaaniwa ikatumika kwa miongo iliyofuata. Uvumi mmoja wa ofisini, kwamba haihitaji kusafishwa, ulifanya kazi ambayo adui hakuweza.

Uvumi huo haujafa. Umehamia kwenye AK. Sijui nimesikia mara ngapi, tena kutoka kwa watu wenye nyota mabegani, kwamba AK haitaki matunzo, izike uifukue itapiga. Ni kweli imeundwa na uvumilivu: sehemu zinazotembea zina nafasi, pistoni ya gesi ni nzito na ina nguvu ya ziada, ganda lake limechongoka kidogo kwa hiyo linachomoka kwa urahisi, mtutu na chemba vimepakwa kromiamu. Lakini huyohuyo aliyeiunda aliichomeka fimbo ya kusafishia chini ya mtutu na kuweka kopo la vifaa vya usafi ndani ya kitako. Mtu haweki hayo kwenye bunduki isiyotaka kusafishwa. Nimefungua AK ambazo pistoni yake ilikuwa imeshikana na bomba la gesi kwa kutu hadi nikatumia nyundo ya mti.

Kutu hiyo ina asili yake, na nitaieleza kwa sababu wengi wanaosafisha wanasafisha kwa njia isiyoitibu. Risasi nyingi za zamani zilizoko maghalani zina kiwashio, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, chenye klorati ya potasiamu. Kikilipuka huacha chumvi, ndugu ya chumvi ya kawaida, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Unaweza kuupaka mtutu mafuta ukang'aa kama kioo, na chini ya mafuta chumvi inaendelea kula chuma. Dawa yake ni maji, ya moto yakipatikana, yapite kwenye mtutu, bomba la gesi, pistoni na uso wa boliti, kisha ukaushe kabisa, kisha ndipo mafuta. Siku ya pili fungua tena uangalie. Kikosi chenye risasi za aina hiyo ambacho kinagawa mafuta bila kufundisha maji kinajidanganya kwa bidii.

Mafuta nayo yana mahali pake. Njia za boliti na sehemu zinazosuguana ziwe na mafuta. Chemba iwe kavu, na risasi ziwe kavu. Ganda kwenye chemba yenye mafuta haliwezi kuzishika kuta wakati wa mlipuko, na nguvu kubwa zaidi inarudi kwenye boliti. Tundu la pini ya kufyatulia likijaa mafuta mazito, siku ya baridi pini inakwenda kama mtu anayetembea kwenye tope na kiwashio hakipasuki. Kwenye vumbi wengi hudhani bunduki kavu ni salama zaidi. Kwa bunduki zinazopuliza gesi moja kwa moja kwenye boliti mara nyingi ni kinyume chake: iliyolowa mafuta hubeba vumbi na kuendelea, kavu inasaga na kusimama. Ndiyo maana nasema kipimo cha kiwandani hakitoshi, kila kikosi kijue bunduki yake inataka nini katika hewa yake.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma zaidi, nalo ni ninyi wakaguzi na kitambaa chenu cheupe.

Mnajua jinsi ukaguzi unavyokwenda. Mkaguzi anavaa glovu au anafunga kitambaa cheupe kwenye kidole, anakipitisha ndani ya boliti, anakitoa, anakitazama kwenye mwanga. Kikiwa na doa, askari anaadhibiwa. Askari si mjinga. Anajifunza kwamba anapimwa kwa kitambaa, kwa hiyo anahudumia kitambaa. Anasugua boliti kwa pamba ya chuma hadi rangi ya kinga inatoka. Anachokonoa pembe za chemba kwa kitu chochote chenye ncha. Anaingiza fimbo ya chuma mdomoni mwa mtutu na kuisukuma mara mia, inasugua ukingo pale risasi inapoagana na bunduki, na ukingo ukilika upande mmoja risasi hutoka ikiwa imesukumwa pembeni na gesi. Kisha anafuta mafuta yote, kwa sababu mafuta huchafua kitambaa. Bunduki inafaulu ukaguzi ikiwa kavu, imekwanguliwa na haina shabaha. Nimepokea mezani mitutu iliyochakaa mdomoni ambayo haikuwa imepiga hata risasi 500. Haikuuawa na risasi. Iliuawa na usafi.

Na hamkuangalia kinachokwamisha. Katika ukaguzi wote niliowahi kushuhudia, sikumbuki mkaguzi aliyepima springi ya kivutio cha ganda. Ni kijispringi kidogo kuliko ncha ya kidole, kikichoka ganda linabaki chembani. Sikumbuki aliyeuliza springi ya kurudisha boliti imepiga risasi ngapi. Sikumbuki aliyebonyeza magazini kuona kama kisukumio kinapanda bila kuinama upande. Masizi kidogo kwenye kona ya boliti hayajawahi kuua mtu ninayemjua.

Kuna hatari moja ambayo kitambaa cheupe huizaa moja kwa moja. Askari ishirini wanakaa kuzunguka meza moja kusafisha kwa haraka kabla mkaguzi hajafika, boliti zote zimelazwa kwenye turubai moja. Zinafanana. Zinarudishwa kwenye bunduki zisizo zake. Kwa bunduki nyingi nafasi kati ya uso wa boliti na kitako cha ganda hupimwa kwa boliti na mtutu ule mahususi. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka nyuma, gesi ikamrudia mpigaji usoni. Vipimo vya kukagua nafasi hiyo ni vipande vidogo vya chuma, unaingiza kimoja boliti ikubali kufunga, unaingiza kingine boliti ikatae. Kazi ya dakika mbili. Kuna maghala ambayo hayajawahi kuviona tangu yajengwe.

Mtaniuliza nataka nini basi. Kwa ununuzi: bunduki za kupimwa zichaguliwe na ninyi kutoka kwenye shehena, kwa kura, na zipigwe risasi zilizoko ghalani mwenu kutoka kwa magazini zitakazogawiwa askari. Kigezo kiandikwe kabla. Kila mkwamo uandikwe na daraja lake, namba ya bunduki, namba ya magazini na idadi ya risasi zilizokwisha kupigwa, hata ule wa nusu sekunde. Baadhi ya bunduki zipigwe bila kusafishwa mpaka zigome, ili mjue zinagoma wapi. Na wapigaji wawe askari wa kawaida, wakiwemo wapya. Bingwa wa muuzaji anaificha bunduki mbovu bila hata kukusudia.

Kwa utunzaji: kila bunduki iwe na daftari lake, kama gari lilivyo na lake, na ndani yake iandikwe idadi ya risasi. Bila idadi ya risasi fundi hawezi kujua springi ibadilishwe lini, anasubiri ikatike. Muda wa kusafisha uwekwe kwenye ratiba ya mafunzo baada ya shabaha, siku hiyohiyo, askari wakiwa bado na nguvu. Msiwaibie saa ya kulala kisha mkawalaumu kwa uvivu. Vipuri vidogo vinunuliwe pamoja na bunduki zenyewe. Nimeona vikosi vyenye bunduki mpya mia na springi za akiba sifuri. Na kitambaa cheupe, kama hamwezi kukiacha, kipitisheni ndani ya magazini.

Lingine ni dogo ila lina uzito: mafunzo ya kuondoa mkwamo yawe ya lazima, lakini yaambatane na adabu ya kuripoti. Tunawafundisha askari kugonga, kuvuta na kuendelea, na ni sawa, maana kwenye mapambano hakuna muda wa mazungumzo. Ubaya ni kwamba tunawafundisha kwa ufasaha kiasi kwamba tatizo linamalizikia kwenye kiganja na halifiki kwenye karatasi. Na ikisikika sauti hafifu kuliko kawaida, asigonge wala asivute: asimame, atoe risasi zote, aangalie ndani ya mtutu. Risasi iliyobaki katikati ya mtutu ikifuatwa na nyingine, mtutu huvimba au kupasuka mikononi mwake.

Nina ombi moja la mwisho ambalo halihitaji bajeti mpya. Chagueni siku bila kutoa taarifa. Njooni ghalani, muingie wenyewe, mchomoe bunduki kumi kwa mikono yenu, msiache mtunza ghala awachagulie. Chukueni magazini zilizoko sandukuni na risasi zilizoko rafuni. Msisafishe kitu. Nendeni uwanjani zipigwe risasi 300 kila moja, kwa mwendo ambao mitutu inauhimili. Mikwamo yote iandikwe kwa wino na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa ghala. Na kalamu apewe yule koplo.

Wenu mtiifu,
Fundi wa silaha mstaafu